Ponti Imekufa

Mimi naitwa Musafiri, na mwaka ule watu wa Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, walipata cha kuchekea, maana Musafiri alikuwa hasafiri. Shevroleti yangu ilikuwa imepandishwa juu ya magogo nyuma ya nyumba, magurudumu ya nyuma yametolewa, na mke wangu alikuwa Musumba kwa mama yake. Majirani wa Kolwezi hawana huruma. Kila aliyepita akienda kazini aliniuliza kama safari ilikuwa njema.

Odile alikuwa ameenda kumzika baba yake. Jina hilo la Odile serikali ilikuwa imelikataza pamoja na majina yote ya Kizungu, na kwenye kitambulisho chake waliandika jina la nyanya yake. Lakini nyumbani kwangu nilimwita Odile, na hakuna mjumbe wa chama aliyelala kati yetu akanisikia. Nilimpeleka mimi mwenyewe wakati wa kiangazi, njia ni mchanga mtupu lakini inapitika. Baada ya mazishi ilinibidi nirudi Kolwezi, kwa sababu mizigo ya watu haingoji machozi ya dereva. Siku ya kuondoka mama mkwe alinisindikiza hadi kwenye gari. Yeye ni Mlunda wa pale pale Musumba, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, na mimi ni mtoto wa Waislamu wa Kasongo, wale wanaoitwa Wangwana.

"Mungwana," aliniambia, "bibi yako utakuya kumutwala weye mwenyewe. Usitume dereva, usitume ndugu. Siku ya kumaliza matanga nikikukosa hapa, nitajua ulishamuacha."

"Nitakuya, mama."

Odile alisimama nyuma yake, kitambaa cheusi kichwani. Nilimtazama nikingoja aseme neno, hata la kuniagiza chumvi. Aliinua mkono tu.

Hapo niseme kilichokuwa kinaniuma, kwa sababu bila hicho kisa hiki ni cha vyuma na mafuta. Katika ndoa yetu mimi ndiye niliyekuwa nakwenda siku zote. Nilimwona kwa shangazi yake hapa Kolwezi, nikamfuata. Akarudi kwao, nikamfuata hadi Musumba. Baba yake akanikatalia, nikaondoka, nikarudi tena, mpaka mzee akachoka na uso wangu akakubali. Odile alikuwa mke mwema, mwenye maneno machache na mkono mwepesi wa kazi, lakini sikujua hata siku moja kama alinitaka au alinizoea tu. Mtu unayemfuata kila siku, utajuaje kama naye angekufuata? Sasa alikuwa kwao, ndani ya lugha yake na watu wake. Niliogopa kwamba nisipotokea siku ya matanga hatalia sana.

Kwa hiyo mvua za kwanza zilipoanguka sikungoja. Nilipakia, nikaanza safari mapema, nikijua njia ya Musumba ikishalowa haina rafiki. Hata Mutshatsha sikufika. Gurudumu la kushoto liliingia kwenye tope na kuanza kuzunguka peke yake, na lile la kulia, lililokuwa pakavu, likakaa kimya kama mkubwa wa ofisi anayengoja chai. Nilikanyaga mafuta, la kushoto likachimba kaburi lake, la kulia halikusogea. Mgiriki aliyeniachia gari lile alikuwa ameniapia kwamba ponti yake, ile ya gia kati ya magurudumu ya nyuma, ni otoblokani, yaani ile isiyokubali gurudumu moja likimbie na kuliacha lingine. Na miaka yote ilikuwa hivyo. Shevroleti ilipita mahali ambapo malori yalilala. Siku ile nilipitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba makaa, na alinipungia mkono.

Nilivutwa hadi nyumbani kwa kamba, mbele ya mtaa mzima. Nikamwita Badibanga, fundi wa Kikasai, mnene, msemaji, ambaye hutukana gari kwanza ndipo aliguse. Aliinua gurudumu moja la nyuma, lingine akaliacha chini, gia akaiweka huru. Kisha akalizungusha lile lililo juu. Lilizunguka vizuri, taratibu, bila kelele, kama linatembea bustanini.

"Unaona, tata Musafiri? Napiga na kidole moja, inaenda. Ingekuwa muzima, ningevuta na mikono mbili mpaka jasho itoke. Ponti yako imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Imekufa, imezikwa, na matanga imeisha."

Alifungua kifuniko, mafuta yakamwagika meusi, yakinuka kuungua, na ndani yake kulikuwa na vumbi la chuma linalometameta. Katikati ya ponti, ubavuni mwa gia ndogo, kuna diski nyembamba zilizopangwa kama chapati kwenye sahani: moja imeshikwa na ekseli, inayofuata imeshikwa na kasha, tena ya ekseli, tena ya kasha. Zikibanana, magurudumu mawili hayana budi kwenda pamoja. Zangu zilikuwa zimelika hadi zikawa laini kama ukucha. Hazikuwa zinabana kitu chochote.

"Huyu anakimbia, mwenzake anabaki," Badibanga alisema akizigeuza mkononi. "Njo vile nyumba zinakufaka."

Nilimwambia afunge mdomo wake na ponti yangu.

Diski mpya Kolwezi hazikuwepo. Likasi wakaniambia niulize Lubumbashi, Lubumbashi wakaniambia niulize Kinshasa, na Kinshasa kwetu sisi ilikuwa mbali kuliko Ulaya. Nikaona siku ya matanga inakuja na mimi sina magurudumu. Basi nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja pale sokoni aliyekuwa na foni, redio ile ya kuzungumza na mwenzake wa Kapanga, jirani na Musumba, nikaomba mke wangu aitwe kutoka Musumba. Siku iliyofuata walinijulisha kwamba amefika na anangoja kule kwenye chombo. Moyo wangu ulipiga hata nikasahau nilichopanga. Na kwenye foni huzungumzi mwenyewe. Unamwambia mwenye chombo, naye anapiga kelele, na kule mwingine anapiga kelele kama yuko ndani ya pipa.

"Sema hivi," nikamwambia. "Ponti imekufa. Siku ya matanga sitafika. Aningoje."

"Ponti imekufa!" alipaza sauti. "Bwana yake hatafika! Bibi angoje! Angoje!"

Kelele, mikwaruzo, kelele tena. Kisha jibu.

"Bibi yako anasema: nimesikia."

"Na nini tena?"

Akauliza. Akasikiliza.

"Hakuna tena. Alishatoka mbio."

Nimesikia. Neno hilo nililibeba kutoka sokoni hadi Manika, na lilikuwa zito kuliko ponti. Dada yangu mkubwa Mwanvua, ninayemwita yaya, aliyekuwa akija kunipikia, aliniona usoni akanipakulia bukari, ugali wetu, bila kuuliza. Bukari ya Mwanvua ni ngumu, ukiirusha inavunja kioo, lakini nilikula yote ili nisiulizwe. Alasiri niliingia ndani ya gari lililo juu ya magogo, nikakaa mahali pa dereva, nikatazama kiti cha upande wa pili. Odile alikuwa na tabia ya kuvua viatu mara gari linapoondoka na kuweka miguu hapo mbele, chini ya kioo, na vidole vyake viliacha alama kwenye vumbi. Alama zilikuwa bado zipo. Mwanvua alitaka kuzipangusa, nikamfokea kama mwizi. Nilikuwa na hamu na mke wangu, hamu ya mwili na ya sauti yake na ya kukaa kimya pamoja naye, na nilikuwa na hasira naye, na vyote viwili vilikaa kiti kimoja.

Badibanga ndiye aliyekumbuka kwamba huko Nzilo, karibu na bwawa la umeme, kuna Shevroleti nyingine ya umri ule ule, iliyopinduka zamani. Tulikwenda kwa lori la samaki. Tulilikuta gari kwenye kiwanja cha mzee mmoja wa kutoka kaskazini aliyeitwa Tharcisse, limezama kwenye udongo hadi tumboni, halina milango, halina kioo. Tharcisse alikuwa amelifanya nyumba ya kuku. Alitupokea vizuri, akasema chuma kile si chochote kwake, tuchukue ponti nzima tukitaka. Kisha akachungulia kwenye kiti cha dereva, akarudi akitikisa kichwa.

"Leo hapana. Kuku iko juu ya mayai."

"Tata," nikamwambia, "sisi tunataka nyuma tu. Kuku iko mbele."

"Mukiinua nyuma, mbele inatikisika. Mayai itaharibika. Mungoje itotoe."

Badibanga alianza kucheka, nikamkanyaga mguu. Nilimweleza Tharcisse kila kitu: mke wangu, matanga, mama mkwe, mvua. Alinisikiliza kwa huzuni ya kweli, akaniletea kiti na ndizi.

"Ninakuhurumia sana, mutoto yangu," alisema. "Lakini hii kuku pia iko na mambo yake."

Ukiwa mgeni huwezi kumtisha mwenye kiwanja. Badibanga alirudi Kolwezi na lori la samaki, mimi nikabaki. Nilikaa mbele ya ile Shevroleti nikimtazama kuku, naye akinitazama kwa jicho moja, na nakiri nilimwonea wivu, maana yeye alikuwa amekaa juu ya vyake. Nilimwuliza kama anaona haya. Alifumba jicho. Siku ya kumaliza matanga ilinikuta hapo hapo, kwenye kiti cha Tharcisse, ndizi mkononi. Niliwaza Musumba wamekusanyika, wameoga, wamevua nguo za msiba, mama mkwe anatazama njia. Niliwaza Odile naye anatazama, au hatazami. Hilo la pili ndilo lililonifanya niinuke nikatembee peke yangu hadi karibu na maji, nikalia kule ambako hakuna mtu.

Vifaranga walitoka, wote wazima, na Tharcisse mwenyewe akatusaidia kuinua gari akiimba. Badibanga alikuja na vyombo vyake. Diski za ponti ile hazikuwa mpya, lakini zilikuwa na uhai. Tulizibeba Manika ndani ya kitambaa, tukazipanga na zangu chini kwenye gunia, tukachagua zile zenye unene, na Badibanga akakata vipande vyembamba vya bati vya kuwekwa nyuma yake ili zibanane. Mara ya kwanza alizibana mno. Gari lilitoka uwanjani likiguna, likakataa kukata kona. Gurudumu la ndani liliburutwa na kupiga kelele hadi watoto wakakimbia. Badibanga alilitukana gari, akamtukana Mgiriki, akafungua tena. Tulitoa bati moja kila upande, tukafunga, tukatia mafuta mazito. Safari hii aliinua gurudumu moja, akanisogezea.

"Zungusha weye."

Nilivuta kwa mkono mmoja, halikwenda. Nikavuta kwa miwili, likakubali kidogo kidogo, kwa shida, na jasho likanitoka. Sijawahi kufurahia kitu kilichonikatalia namna ile. Mwanvua alisimama mlangoni akiwa na taulo yangu.

"Matanga ilishaisha," alisema polepole. "Bibi mwenye hajatuma hata salamu, unamufata juu ya nini?"

"Juu ni bibi yangu, yaya."

Alinifungia mikate ya njiani.

Njia ilikuwa mbaya kama ilivyo kila mwaka, sitaisimulia. Kila dereva wa kwetu anayo yake na zote ni tope. Nitasema tu kwamba pale gurudumu moja lilipozama, lingine liliuma ardhi na kulitoa, na kila mara nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Kabla ya Musumba, siku moja na zaidi kwa miguu, kuna mto, na juu yake daraja kubwa la mbao na chuma. Nililivuka nikiwaza maneno ya kumwambia mama mkwe. Sikulitazama hata kidogo, kwa sababu nani hutazama daraja zima?

Mama mkwe alikuwa uwanjani anapepeta unga. Hakuinuka.

"Karibu, Mungwana. Maji ya mto haikukulowesha?"

"Maji gani, mama?"

"Si ulisema ponti imekufa?"

"Ilikufa, mama. Nimetengeneza, njo nimekuya."

Aliweka ungo chini.

"Weye umetengeneza ponti?"

"Mi na Badibanga."

"Bantu babili." Aliinua vidole viwili.

"Babili, mama. Tungemaliza mbele, lakini kuku moja ilitukawisha."

Mama mkwe alinitazama namna unavyomtazama mtu mwenye homa. Kisha Odile akatoka jikoni. Alikuwa amekonda, na kitambaa cheusi hakikuwepo tena. Nilitaka kumkimbilia, lakini uso wake ulinisimamisha.

"Musafiri, usitudanganye tena, usiongeze bongo juu ya bongo. Mi nilifika ku ile ponti. Niliiona na macho yangu. Malori inapita juu. Hata mubao moja haikukosa."

"Ponti gani?"

"Ponti ya mto! Ponti yenye ulisema imekufa!"

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka, na nilitamani ardhi nayo ifunguke. Walio mbali wanielewe. Kwetu kijito unakivuka juu ya kilalo, miti miwili mitatu iliyolazwa. Lakini daraja kubwa, lile la serikali, tunaliita kwa neno tulilookota kwa Wabelgiji: ponti. Na ule mfupa wa chuma ulio kati ya magurudumu ya nyuma ya gari, Wabelgiji wale wale waliupa jina lile lile, na mafundi wetu hawakuona sababu ya kubadilisha. Mimi mtu wa gari, ukisema ponti nawaza gia. Odile mtoto wa mtoni, ukisema ponti anawaza maji.

Nililala chini kwenye vumbi, nikaingia chini ya Shevroleti na nguo zangu za ukweni, nikapiga kile chuma cha duara kwa spana hadi kikalia.

"Hii!" nikapiga kelele. "Hii njo ponti! Hii njo ilikufa!"

Mama mkwe alipiga magoti, rozari ikining'inia, akachungulia.

"Hii kichwa ya chuma?"

"Hii, mama. Ponti ya motokari."

"Na mto iko wapi?"

"Hakuna mto, mama. Haikukuwaka na mto."

Alianza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini kabisa, akawaita majirani waje waone ponti ya Mungwana, nao wakaja, wakachungulia mmoja mmoja, na kila mmoja aliuliza mto uko wapi. Nililala pale chini nikionyesha ponti kama mtu anayeonyesha kidonda. Odile hakucheka. Aliinama mwisho, watu walipokwisha kusogea, akanyoosha mkono akagusa kile chuma, akatazama mafuta kwenye vidole vyake.

"Mi nilienda na miguu," alisema.

"Wapi?"

"Ku ponti. Siku ile ya foni. Ulisema ponti imekufa, niliwaza: Musafiri atafika na motokari mupaka ngambo ile, atakosa pa kupita. Nani atamuvukisha? Nilisema nitavuka na mutumbwi, nitamukuta kule. Njo nilitoka mbio, kwenda kufunga mizigo."

Mizigo. Na mimi niliyebeba lile neno lake kutoka sokoni hadi Manika kama jiwe!

Alieleza akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu, mimi bado nimelala chini, kwa sababu hakuna kati yetu aliyethubutu kusogea. Alikuwa amemtafuta Mngwana mmoja wa Kapanga amchinjie mbuzi, kwa kuwa alijua sitakula nyama ya mkono mwingine. Aliikausha nyama, akaifunga, akaitia kwenye kikapu kichwani. Mama yake alimkataza, akamwambia mwanamke hamwendei mume njiani, mume ndiye anayekuja, Odile akaenda. Alitembea kutwa, akalala kwa watu, akatembea tena. Alipofika mtoni alikuta daraja limesimama, zima, na magari yanapita juu yake.

"Nilisema labda wamelitengeneza asubuhi. Niliuliza batu. Bakanicheka. Nikakaa pale. Kila motokari ilipita, nilisimama. Haikuwa weye. Nikasimama tena. Nyama niliwapa batoto ba pale ku mto." Alifuta vidole kwenye nyasi. "Nilirudi, nikamwambia mama: ponti iko muzima. Mwenye alikufa ni Musafiri."

Nilitoka chini ya gari. Nilikuwa mchafu, na mbele ya mama mkwe mtu hamshiki mkewe, lakini nilimshika mikono yote miwili, na mama mkwe, Mungu ambariki, aligeuka akaanza kuwafukuza kuku ambao hawakuwepo.

"Odile, mi niliwaza hautaki kurudi."

"Najua. Weye unawazaka sana." Hakutoa mikono yake. "Nimechoka, Musafiri. Nililia pale mbele ya batu benye sijui. Njia yote nilikuwa na neno ya kukuambia, nikairudisha nayo nyumbani."

"Neno gani?"

"Haiko ya kusema hapa."

Nilimsihi. Alikataa. Mama mkwe alitulisha, akatusomea sala ndefu ya Kikatoliki ambayo niliitikia amina yote, na asubuhi akatupakilia mihogo hadi resori, yaani springi za gari, zikalala. Odile aliingia upande wake, akavua viatu. Lakini miguu hakuiweka mbele. Aliikunja chini ya kiti kutwa nzima. Nilikuwa naye mkono wangu unapofika, na bado nilimtamani kama nilivyomtamani Manika.

Tulipofika mtoni akaniambia nisimamishe.

"Nitashuka hapa. Weye vuka na motokari. Ukifika ngambo, shuka, unisimamie."

"Odile, mvua inakuya."

"Vuka, Musafiri."

Nilivuka. Mbao zilipiga kelele chini ya magurudumu, maji yalikuwa mekundu na mengi. Ng'ambo niliegesha kando, nikashuka, nikasimama kwenye tope mwanzo wa daraja, mahali ambapo alikuwa amewaza atanikuta. Upande ule alionekana mdogo. Alipandisha kikapu kichwani, akashika ncha ya kitenge chake, akaanza kuja.

Hakuharakisha. Lori lilifika nyuma yake likapiga honi, hakugeuka. Mimi, mtu wa njia zote, niliyekwenda kila mahali kwa ajili ya mwanamke huyu, nilikuwa sijapata kumwona hivi: uso wake umenielekea, anakuja, na mimi sina la kufanya ila kusimama. Nilitaka kumkimbilia katikati, nikajizuia, kwa sababu nilielewa kwamba nikisogea hata kidogo nitamharibia.

Alifika. Akateremsha kikapu, akakiweka kwenye tope kati ya miguu yetu. Alikuwa anahema.

"Kule ku foni ulisema ningoje," alisema. "Musafiri, nilishindwa kungoja."

Dereva wa lori alipita akitutukana kwa Kiluba, nami nikainua kikapu kutoka kwenye tope.